Upinde Aumalize Nani?

Mojawapo ya mambo yanayowatatiza walimu wanafunzi wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha ni swali hili: mtoto anapofanya kazi ya mikono, na kazi hiyo ikawa inaelekea kuharibika, je, mwalimu aichukue na kumsaidia kuimaliza, au amwachie mwenyewe? Wengi hujibu bila kusita kwamba mwalimu mwema husaidia. Sisi tunaona kwamba jibu hilo, ingawa linatoka katika moyo mwema, ndilo linalofanya masomo ya vitendo katika shule nyingi za msingi yawe vitendo vya mwalimu na utazamaji wa mwanafunzi. Tunakusudia kuitetea hoja yetu kwa kutumia kazi moja tu, nayo ni kutengeneza upinde wa tabaka za mianzi na mbao zilizounganishwa kwa gundi, na kuulinganisha mpaka mikono yake miwili ikunjike kwa kadiri moja.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumechagua upinde na siyo kigoda, mkeka au kikapu. Sababu yetu ni hii. Kigoda kinaweza kunakiliwa. Mwalimu akileta kielelezo, akatoa vipimo, na mtoto akavifuata kwa makini, kigoda kitasimama. Upinde hautengenezwi hivyo. Vipande viwili vya mbao vilivyokatwa katika ubao mmoja havina ugumu ulio sawa. Kimoja kina nyuzi zilizobanana zaidi, kingine kina kifundo kidogo kilichojificha. Upinde uliotengenezwa kwa kufuata vipimo peke yake haujawa upinde bado. Sharti ukunjwe kidogo, utazamwe, upimwe, upunguzwe mahali palipo pagumu, kisha ukunjwe tena. Kielelezo hakiwezi kumwambia mtoto apunguze wapi. Mbao yenyewe ndiyo itakayomwambia, endapo amefundishwa kuitazama.

Upinde ni nini hasa

Kabla ya kufundisha, mwalimu hana budi kukielewa kitu chenyewe. Upinde una kishikio katikati na mikono miwili. Upande unaoelekea shabaha tunauita mgongo, na upande unaomwelekea mpiga mshale tunauita tumbo. Upote, yaani kamba ya upinde, unapovutwa, nyuzi za mgongo hunyooshwa na nyuzi za tumbo hugandamizwa. Katikati ya unene kuna mstari ambao haunyooshwi wala haugandamizwi. Hii ndiyo siri yote ya upinde: kitu kimoja kinafanya kazi mbili zinazopingana kwa wakati mmoja.

Mbao nyingi huvumilia kunyooshwa kuliko kugandamizwa. Mwanzi nao una nyuzi ngumu zilizosongamana karibu na ganda lake la nje, na huvumilia kunyooshwa sana. Kwa hiyo tukiweka ukanda wa mwanzi mgongoni na mbao ngumu tumboni, kila kimoja tumekipa kazi inayokifaa. Watu wa nchi mbalimbali waliligundua jambo hili kwa njia zao. Upinde mrefu wa Waingereza ulichongwa katika mti mmoja uitwao yew, lakini mchongaji aliacha mti mweupe wa nje uwe mgongo na kiini chekundu kiwe tumbo, kwa sababu ule wa nje hunyooshwa vizuri na kiini huvumilia kugandamizwa. Meli ya kivita Mary Rose ilizama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982. Ndani yake zilipatikana pinde za aina hiyo zaidi ya 100, na ndizo zilizowawezesha wataalamu kupima kwa hakika jinsi pinde za zama zile zilivyochongwa. Wajapani kwa upande wao waliunganisha mianzi na mbao kwa gundi. Upinde wao uitwao yumi una mwanzi mgongoni, mwanzi tumboni, na vipande vya mbao au mianzi katikati. Urefu wake hupita mita 2, na hushikwa chini ya katikati, si katikati kabisa.

Hapa kwetu, Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi hutengeneza pinde za mti mmoja bila gundi, na mtoto wa kiume hupewa upinde wake mdogo tangu angali mchanga sana. Akikua huufanyia kazi upinde wake kwa macho na mikono yake. Hakuna anayemtengenezea ubao wa vipimo, lakini pia hakuna anayemnyang'anya upinde ili aumalizie. Shule haiwezi kuwa pori la Eyasi, wala haipaswi kujaribu. Linaloweza kufanywa na shule ni kuongeza kipimo na daftari juu ya jicho, na kuhakikisha kwamba wasichana na wavulana wote wanashika tupa.

Tunapendekeza upinde wa tabaka mbili kwa sababu tatu. Kwanza, hauhitaji gogo zuri lisilo na kasoro. Vipande vinavyobaki katika karakana ya seremala hutosha, mradi nyuzi zake zimenyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Anayepata mkole atafurahi, maana ni mti ambao wachonga pinde wengi wa Afrika ya Mashariki wameutegemea. Asiyeupata atumie mbao ngumu yoyote ya kwao. Pili, tabaka zikiwa mbili, mtoto anaziona kwa macho kazi mbili tulizozitaja, ya kunyooshwa na ya kugandamizwa. Tatu, unene wa kila tabaka hupimwa kwa urahisi, na mahali penye kipimo ndipo penye somo la hisabati.

Matayarisho

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbao za upinde mambo ni kinyume: mbao mbichi hukunjika kwa urahisi, lakini hairudi. Kwa hiyo somo la kwanza ni ukavu. Kila kikundi kipime ukanda wake kwa mizani kila siku na kuandika uzito. Uzito utapungua, kisha utatulia. Ukitulia kwa siku kadhaa mfululizo, mbao imekauka kadiri hewa ya mahali pale inavyoruhusu. Shule ya pwani isishangae ikiona mbao zake zinabaki na maji mengi kuliko za Dodoma; hewa yenyewe ndiyo tofauti. Kabla hata tupa haijaguswa, watoto wamekwisha kujifunza kupima, kuchora grafu na kusubiri.

Kwa watoto wa Darasa la Tano au la Sita, vipimo hivi vinafaa kuanzia. Urefu wote uwe sentimeta 140. Kishikio kiwe sentimeta 10, nacho kiongezewe kipande cha mbao tumboni ili kisikunjike. Hivyo kila mkono unabaki na sentimeta 65. Upana uwe milimeta 32 karibu na kishikio, ukipungua kwa mstari mnyoofu hadi milimeta 12 kwenye ncha. Ukanda wa mwanzi usawazishwe upande wa ndani mpaka unene wake uwe kama milimeta 3, na ganda la nje lisiguswe kamwe, maana nyuzi za nje zikikatwa, mgongo utapasukia hapo. Mbao ya tumbo ianze na milimeta 9. Jumla ni milimeta 12, nayo ni zaidi ya tunachohitaji. Ziada hiyo ndiyo mali ya kujifunzia.

Nyuso mbili zinazounganishwa lazima zikutane bila pengo. Gundi nyeupe ya seremala hushika vizuri nyuso zilizokutana, lakini haijazi mashimo. Vipande vikishapakwa gundi vifungwe pamoja kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli, ukizungushwa kwa kukazwa kutoka ncha hadi ncha. Vikifungwa juu ya ubao uliopinda kidogo kuelekea mgongoni, upinde utatoka umejikunja kinyume kwa sentimeta 3 au 4, na hiyo itafidia ile hali ya mbao kubaki imelegea baada ya kuvutwa mara nyingi. Viachwe mchana na usiku, kisha vifunguliwe.

Ulinganishaji

Sasa tunafika kwenye kiini cha kazi na kiini cha hoja yetu. Kulinganisha upinde ni kuondoa mbao tumboni, kidogo kidogo, mahali palipo pagumu, mpaka mikono yote miwili ikunjike sawa. Kifaa chake ni rahisi. Simamisha nguzo imara mbele ya ukuta, laza kishikio cha upinde juu yake, mgongo ukiwa juu, na upote mrefu uning'inie chini. Funga kapi chini ya nguzo na upitishe kamba ndani yake, ili anayevuta asimame kando, mbali na upinde, akiiona mikono yote miwili. Ukutani chora miraba ya sentimeta 5 kwa chaki. Mizani ya springi ikifungwa kwenye kamba, kikundi kitasoma nguvu ya kila mvuto. Kapi, nyenzo na mizani vimo katika masomo ya sayansi ya shule ya msingi. Hapa mtoto anavikuta vikifanya kazi aliyoihitaji yeye mwenyewe.

Kanuni ya kwanza ni kwamba upinde usivutwe kwa nguvu kupita ile iliyokusudiwa. Tukikusudia kilo 7, basi mizani ikifika kilo 7 tunasimama, hata kama upote umeshuka sentimeta 10 tu. Tunapunguza mbao, tunavuta tena, na sasa kilo 7 zinafika sentimeta 15, kisha 20. Nguvu haibadiliki, umbali ndio unaoongezeka, mpaka ufike sentimeta 55 kutoka kishikio. Mtoto anayeishika kanuni hii si rahisi avunje upinde wake, na atakuwa ameelewa uhusiano wa nguvu na umbali bila kuukariri.

Kanuni ya pili ni ya hesabu, na mwalimu asiyeijua atawapoteza watoto. Ugumu wa mkono wa upinde hufuata upana wake moja kwa moja, lakini hufuata unene wake mara tatu, yaani unene kuzidisha unene kuzidisha unene. Ukipunguza upana kutoka milimeta 40 hadi 36, ugumu unapungua kwa asilimia 10. Ukipunguza unene kutoka milimeta 10 hadi 9, ugumu haupungui kwa asilimia 10 bali kwa asilimia 27, maana 10 mara tatu ni 1,000 na 9 mara tatu ni 729. Na kutoka milimeta 8 hadi 7, theluthi nzima ya ugumu imekwenda. Kadiri kazi inavyokaribia mwisho, ndivyo kila uparaji unavyokuwa ghali. Basi randa iwekwe kando mapema, tupa ichukue nafasi yake, na mwisho msasa peke yake.

Kanuni ya tatu ni kupima kabla ya kugusa. Kila mkono uwekewe alama tatu: sentimeta 15, 30 na 45 kutoka kishikio. Kila baada ya kuparua, upinde uvutwe taratibu mara 20 ili mbao ikubali mabadiliko, kisha kikundi kisome ukutani kila alama imeshuka kiasi gani na kuandika. Tuchukue mfano. Mkono wa kushoto umeshuka sentimeta 1, 5 na 12. Mkono wa kulia umeshuka sentimeta 1, 4 na 8. Mtoto wa haraka atasema mkono wa kulia ni mgumu, auparue wote. Mwalimu asimkatalie, amwulize tu hatua kati ya alama na alama. Kushoto hatua ni 1, 4, 7: kila mara inaongezeka 3, na hiyo ndiyo dalili ya mkono unaokunjika kwa duara moja. Kulia hatua ni 1, 3, 4: kwanza imeongezeka 2, halafu 1 tu. Hapo mtoto ataona mwenyewe kwamba ugumu mkubwa uko karibu na alama ya pili. Hapo ndipo paparuliwe, mapito matatu ya tupa, kisha kupima tena.

Mwalimu mwanafunzi, yatazame kwa makini mazungumzo hayo. Watoto wamesoma vipimo, wametoa, wamelinganisha mfululizo wa namba, wametoa uamuzi, nao wataujaribu uamuzi huo katika dakika kumi zinazofuata. Ni masomo mangapi katika ratiba yetu ambayo mtoto hutoa uamuzi na kuambiwa na kitu chenyewe, siyo na mwalimu, kama amekosea? Ukiichukua tupa wakati huo na kuparua mahali unapopajua wewe, upinde utapona, lakini somo limekufa. Umemfundisha mtoto kwamba vipimo ni pambo la daftari, na kwamba jibu liko katika mkono wa mkubwa.

Pinde nzuri na daftari tupu

Hatusemi haya kwa kubuni. Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia, walimu wanafunzi wawili walifundisha kazi hii katika mikondo miwili ya darasa moja. Wa kwanza alipoona mikono ya pinde haikubaliani, alizichukua jioni na kuzimalizia mwenyewe chumbani kwake. Asubuhi pinde zote sita ziling'aa kwa mafuta na kukunjika kama mwezi mwandamo. Wa pili aliwaachia watoto. Pinde nne zilimalizika, mbili kati yake zikiwa zimepinda kidogo upande mmoja, na pinde mbili zilivunjika.

Tuliwauliza watoto wa mkondo wa kwanza kwa nini upinde wao haukuvunjika. Walisema mwalimu anajua. Tuliwauliza wa mkondo wa pili kwa nini upinde wao ulivunjika. Msichana mmoja alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari, akasema: "Hapa tuliparua mara mbili bila kupima katikati. Tulitaka kuwawahi wenzetu." Kisha akaonyesha kwenye kipande kilichovunjika mikunjo midogo ya nyuzi tumboni, mahali palepale, akaeleza kwamba mbao ilikuwa imegandamizwa kupita uwezo wake kabla mgongo haujapasuka.

Karatasi ya tathmini tuliyopewa ilikuwa na nafasi ya alama kwa ubora wa kazi iliyomalizika. Haikuwa na nafasi ya alama kwa yale aliyoyasema msichana yule. Kwa hesabu ya karatasi ile, mwalimu mwanafunzi wa kwanza alimshinda wa pili kwa mbali, na wote wawili waliyaona matokeo hayo. Tujiulize ni funzo gani walilolichukua kwenda nalo katika miaka thelathini ijayo ya ualimu. Hilo ndilo linalotusumbua. Mtindo wa kufundisha hauenezwi na mihadhara yetu tu. Huenezwa zaidi na kile tunachokipa alama.

Pingamizi

Wako watakaotupinga, nasi tunaziheshimu hoja zao.

Ya kwanza ni hatari. Upinde ni silaha, na mzazi ana haki ya kuuliza. Tunajibu kwamba kilo 7 zinatosha kumfundisha mtoto na bado zinadai uangalifu. Mishale ya shule iwe butu, yenye kichwa cha mpira au kitambaa. Wapigaji wasimame mstari mmoja. Asivuke mtu mstari mpaka mishale yote imekwisha kupigwa. Na pinde zifungiwe ghalani baada ya kipindi. Upote usiachiwe bila mshale kamwe, kwa sababu nguvu ambayo ingechukuliwa na mshale hurudi ndani ya upinde na kuuvunja. Watoto waelezwe pia kwamba kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa la jinai. Tena ulinganishaji wenyewe hauhitaji mshale hata mmoja. Shule yenye wasiwasi inaweza kuishia kwenye nguzo na mizani, na somo likakamilika.

Ya pili ni idadi ya watoto na uchache wa vifaa. Darasa la watoto 60 haliwezi kutengeneza pinde 60. Lakini pinde 10, kila moja kwa watoto sita, zinawezekana: mmoja avute, mmoja asome mizani, wawili wasome ukuta, mmoja aandike, mmoja apare, na kila mzunguko wabadilishane. Nguzo moja inatosha vikundi vitano vikipeana zamu, maana kikundi kimoja kinapopima, vingine vinajadili au vinaparua.

Ya tatu ni hasara. Watasema mbao itapotea, na shule zetu si tajiri. Ni kweli itapotea. Lakini vipande hivyo ni mabaki ya karakana, nao mwanzi uliovunjika hufaa kwa rula, vijiti vya kuhesabia na mambo ya bustani. Hatujapata kusikia mtu akilalamikia karatasi inayopotea katika mazoezi ya kuandika insha.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote: kwamba mtoto ambaye upinde wake umevunjika huvunjika moyo, na mwalimu asiyemsaidia ni mkatili. Hoja hii haina budi kujibiwa kwa uangalifu, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Kumwachia mtoto si kumtelekeza. Kazi ya mwalimu ni kuziweka zile kanuni tatu mapema na kuzisimamia kwa ukali: kikomo cha nguvu, uparaji mdogo, kipimo kabla ya kugusa. Kanuni hizo huzuia sehemu kubwa ya mavunjiko. Aidha mwalimu anao wajibu wa kusimamisha kazi mara moja aonapo utambi wa mwanzi ukiinuka mgongoni au gundi ikifunguka, maana hapo pana hatari ya mtu kuumia. Ila asimamishe kwa sauti na kwa swali, asimamishe hata kwa amri, lakini tupa ibaki katika mkono wa mtoto. Na upinde ukivunjika licha ya hayo yote, vipande visitupwe. Viwekwe mezani, darasa zima livichunguze, na kikundi kilichovunjikiwa kiwe ndicho kinachoeleza. Mtoto aliyeeleza kwa nini kitu kimevunjika hatoki darasani akiwa na aibu. Anatoka akiwa na elimu ambayo wenzake bado hawana.

Yupo pia atakayeuliza upinde una faida gani katika zama za kompyuta. Tunamjibu kwamba hatufundishi upinde ili watoto wawe wawindaji. Andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea lilitaka kazi na masomo viungane. Mahali pengi kazi ilibaki kazi, jembe na fagio, na masomo yakabaki ubaoni, kila kimoja upande wake. Upinde ni mahali padogo ambapo vitu hivyo viwili haviwezi kutenganishwa, kwa kuwa asiyepima hawezi kuparua, na asiyeparua hana cha kupima.

Pendekezo

Tunapendekeza, basi, kwamba kila mwalimu mwanafunzi atakayefundisha kazi hii au nyingine inayofanana nayo agawe alama 20 hivi: alama 10 kwa daftari la vipimo na maamuzi, alama 6 kwa maelezo ya mdomo ambayo kila mwanakikundi anaweza kuitwa kuyatoa, na alama 4 kwa upinde wenyewe. Upinde uliovunjika upate sifuri katika zile 4, bila huruma na bila uongo, na upate haki yake kamili katika zile 16. Katika andalio la somo, sehemu ya kazi ya mwalimu iandikwe maswali atakayouliza, siyo vitendo atakavyofanya. Nasi wakufunzi tunaokagua tuzirekebishe karatasi zetu za tathmini zifuate mgawanyo huo, maana si haki kumhubiria mwalimu mwanafunzi jambo moja na kumpa alama kwa jingine.

Utakapokwenda shuleni na kuona mkono wa upinde umekaza karibu na alama ya pili, vidole vyako vitawasha kuishika tupa. Hilo ni jambo la kawaida kwa mtu anayejua kazi. Uliza hatua zimeongezeka kwa kiasi gani, kisha nyamaza mpaka watoto wamalize kuhesabu.